Namba Tisa Amekosa Tena

Tangu kiharusi kimfunge ulimi, miezi minne sasa, mume wangu Papa Déborah hajatamka neno. Kanisa letu lote hapa ugenini, mtaani Winson Green, limemwombea mpaka sauti zikakauka.

Zamani aliniudhi kila Jumamosi, akiigombeza televisheni, akitaka klabu yake imuuze namba tisa: “Huyu mshambuliaji ni mzigo! Bamuuzishe!”

Leo nilikuwa namlisha uji huku tukitazama mpira. Namba tisa yule yule alibaki yeye na kipa, akaupaisha mpira juu ya goli. Nikamchokoza mume wangu makusudi: “Papa Déborah, kijana huyu anajua mpira, eeh?”

Ulimi wake ukakisukuma kijiko. Uji ukamchuruzika kidevuni.

“Ba… mu… uzishe!”

Nikapiga magoti palepale kwenye uji uliomwagika, nikamwomba Mungu yule kijana akose tena.