Fedha ya Bangili

Nyange, sonara wa mtaa wa chini, alikuwa akimalizia bastola ndogo ya Sudi. Mtutu ameutia dawa ukawa mweusi tititi, na silinda ameivika fedha ya bangili aliyoileta Sudi mwenyewe. Bangili ile Nyange aliijua. Aliifua kwa mikono yake, ya harusi ya Mwanakheri, mke wa Sudi. Aliijua, na bado akaiyeyusha.

"Wa kwanza kuiona atakuwa mke wangu," Sudi alimwambia siku alipomwachia bastola ile, na Nyange hakuuliza kwa nini.

"Hodi, fundi! Shikamoo."

Alikuwa Mwanakheri. Nyange akaifunika bastola kwa kitambaa upesi.

"Marahaba, mwanangu."

"Bangili yangu imepotea, nimepekua nyumba nzima. Hakuna aliyekuletea?"

"Hakuna."

"Basi nitengenezee nyingine kama ile, kabla mume wangu hajajua. Siku hizi ana hasira huyo!"

Akanyoosha mkono apimwe. Nyange akachukua uzi wa kupimia. Akauzungusha mkononi mwake, akaukata. Alipomwachia, alama za vidole vyake, nyeusi kwa dawa ya mtutu, zilibaki zimemzunguka mkono. Mwanakheri akacheka, akazisugua kwa ncha ya kanga. Hazikutoka.