Shavu la Kushoto

Kwa wiki ya sita mfululizo, fundi saa alikunywa chai iliyopoa, kisha akalalamika kwamba inaunguza.

"Kidonda hiki," alisema, akishika shavu la kushoto. "Leo kimeamka vibaya."

Mkewe hakujibu upesi, maana alikuwa na pini saba mdomoni. Alikuwa mshonaji, na tangu usichana wake alizibana pini kwenye kona moja ya mdomo akaongea kwa kona nyingine. Mtaa mzima ulimwita Bi Pini. Siku hizi alizibana kulia, kwa sababu upande wa kushoto, alisema, ulikuwa umechoka.

"Kidonda cha mdomoni kikipita wiki tatu si cha kuchezea," akasema kwa ile kona iliyobaki. "Redioni jana wamesema. Kinaweza kuwa saratani."

"Redio yenyewe ina mdomo?"

"Basi fungua nikione."

Fundi saa akaziba mdomo kwa kiganja. "Mdomo wangu si dirisha la duka, mama watoto."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi. Pilipili hataki, ukoko hataki, daktari ndiyo kabisa hataki kumsikia. Bi Pini aliogopa. Hakuwa mtu wa kuogopa ovyo, lakini huyu alikuwa mume wake wa miaka thelathini na mmoja, na hakuwa tayari kumzika kwa sababu ya ukaidi.

Tena mzee mwenyewe alianza kuwa na vituko. Majuzi mchana Bi Pini alisinzia juu ya cherehani, mdomo wazi, na alipozinduka akamkuta mumewe amemwinamia, lenzi yake ya kazi imebanwa jichoni.

"Natafuta skrubu," alisema fundi saa. "Imerukia huku."

Ilikuwa skrubu ya tatu kupotea mwaka huo. Bi Pini akahisi maumivu ya kidonda yameanza kumpanda mzee kichwani.

Ndipo akapanga njama yake.

"Twende wote kwa daktari wa meno," akamwambia. "Nitaanza kuangaliwa mimi, wewe utazame. Ukiona sijaliwa, unaingia."

Fundi saa alifikiri sana, akikuna kidevu. "Wewe kwanza?"

"Mimi kwanza."

"Na hutageuka tukifika mlangoni?"

"Naapa kwa cherehani yangu."

Fundi saa akashusha pumzi ndefu, akakubali. Bi Pini aliinamia mshono haraka, asionekane akicheka. Amenasa! Yeye mwenyewe hakuwa ameonana na daktari tangu azaliwe kitinda mimba wao, ambaye sasa ana ndevu. Kila akiambiwa aende, alikuwa na gauni la bibi harusi fulani la kumalizia. Lakini kwa ajili ya mumewe, mabibi harusi wote wangesubiri.

Siku ilipofika, alishangaa kidogo kuona mtu aliyeburutwa anatembea mbele yake. Kwenye kliniki fundi saa alikaa kwenye benchi la nje, mkabala na mlango, akaomba uachwe wazi ili naye aone.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye mikono midogo na sauti ya upole. Bi Pini alijilaza kwenye kiti, akamkonyeza.

"Daktari, mimi mzima," akanong'ona. "Mgonjwa ni yule pale nje. Niangalie kidogo tu, geresha, ili apate moyo."

"Sawa, mama. Fungua."

Mwanga wa taa ulikwenda moja kwa moja shavu la kushoto, ndani kidogo ya kona ya mdomo, ukatulia hapo. Daktari akapangusa kwa kipande cha pamba. Akapangusa tena. Geresha gani hii ndefu namna hii?

"Hili doa jeupe lina muda gani?"

"Hilo? Hilo la pini tu. Huwa linavimba, linawasha, linatulia. Miaka."

"Na huu wekundu pembeni?"

"Huo ni wa juzijuzi."

Daktari akavuta kigoda, akakaa karibu. "Mama, mahali panapochubuliwa kila siku kwa miaka panaweza kuharibika. Nitatoa kipande kidogo kipimwe. Bado sijui ni nini, na huenda kisiwe kitu. Lakini kikiwa kibaya, umekiwahi kikiwa kidogo. Ungekuja mwakani, ningekuwa na wasiwasi zaidi."

Bi Pini alitaka kusema ana nguo za watu za kumalizia. Kisha akakumbuka kilichomleta.

"Na mume wangu je? Yeye ndiye mwenye kidonda."

Daktari alivuta droo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua mapajani mwa Bi Pini.

Ulikuwa mchoro wa penseli, kwa ule mkono mtulivu uliozoea kuchora magurudumu ya saa. Mdomo wazi wa mtu aliyelala, jino kwa jino, hata pengo la gego lake la nyuma halikusahauliwa. Kwenye shavu la kushoto palikuwa na doa lililopimwa kwa milimita, mara tatu, kwa tarehe tatu, na kila mara lilikuwa limekua. Chini yake paliandikwa: *Kwa ajili yake mwenyewe hatakuja. Atakuja kwa ajili yangu.*

Bi Pini akageuza shingo kutazama nje ya mlango. Fundi saa alikuwa amejiegemeza kwenye benchi, pakiti ya karanga za pilipili mkononi, akizitafuna taratibu kwa upande wa kushoto.