Visanduku Vyeupe

Msichana aliingia kwenye skrini akiwa amezungukwa na kisanduku cheupe, kama mtu aliyebeba mlango mgongoni. Paka wake naye alikuwa na chake. Hata ndoo ya pale ngazini.

"Shemeji," mchoraji aliita, "njoo uone balaa."

Ilikuwa saa tatu kasorobo asubuhi. Saa nne mwalimu mkuu angekuja kuupima mchezo wao wa kompyuta, na akiukubali, ungeingia katika madarasa yote kumi na mawili ya shule yake. Akiukataa, chumba hiki chenye meza mbili na feni moja kingefungwa, na Jumatatu shemeji, mume wa dada yake, angeanza kulinda ghala. Dada mtu alishasema, na dada mtu huwa harudii.

Hofu ya mchoraji ilianza wiki iliyopita, walipomtumia mwalimu mkuu picha nne za mchezo. Walikuwa hawajaonana naye bado; alijibu kwa ujumbe wa sauti, kama kawaida yake: zimefika, asanteni, nausubiri mchezo wenyewe. Basi. Si sifa, si lawama. Mchoraji aliurudia ujumbe ule mara sita. Picha hazikumpendeza, nini tena? Ndiyo maana alizichora zote upya, karatasi kwa karatasi, akazipiga picha kwa simu, na leo zimemgeuka.

Shemeji aliinama kwenye skrini. Simu imezihifadhi kama JPG, akaeleza, na JPG haijui kuacha mahali patupu, kwa hiyo kila mchoro umekuja na karatasi yake. Zinatakiwa ziwe PNG, yenyewe inajua.

PNG tu? Mchoraji akafuta herufi tatu za mwisho katika jina la kila faili, akaandika nyingine tatu. Mafaili ishirini na manne, dakika tano. Akajiona mjanja. Programu ikayapokea, ikafikiri, kisha skrini ikawa nyeusi tii.

"Umeyabadilisha majina tu," shemeji alisema. "Ndani ni yale yale. Hata mimi nikijiita meneja, ghala nitalilinda."

Siku nyingine mchoraji angecheka. Wakagawana mafaili, wakawa wanafungua mchoro mmoja mmoja, wanakata weupe, wanahifadhi upya. Feni ilizunguka bure, jasho likawatiririka. Saa nne kasoro dakika kumi na mbili msichana alipanda ngazi akiwa hana kisanduku, jengo la ghorofa sita likionekana vizuri nyuma yake, na mchoraji karibu atokwe na machozi.

Ndipo programu ikakataa kuutoa mchezo. Picha mpya zilikuwa nzito mno, na simu ndogo za shuleni zisingeubeba mzigo huo.

Shemeji alishauri wapunguze picha. Mchoraji akasema picha haziguswi.

"Sasa tutoe nini?"

Mchoraji hakumtazama. "Sauti."

Shemeji akaachia kipanya. Sauti zilikuwa zake. Wiki tatu alizunguka mitaani na simu akirekodi nyayo za ngazini, bomba linalovuja, lango la chuma, na paka wa jirani, ambaye ndani ya mchezo mlio wake ulizidi kila mara msichana alipomkaribia. Kwa ajili ya paka huyo alikwaruzwa mara mbili.

"Na paka atajulikanaje alipo?"

"Nitachora mshale. Mwekundu." Mchoraji alijisikia vibaya, lakini saa haikumsubiri. "Yule mama mwalimu ameudhiwa na picha, shemeji. Sauti hajazilalamikia."

Shemeji alizitoa mwenyewe, moja baada ya nyingine. Paka alikuwa wa mwisho. Mchezo ukakubali, mwepesi, na mshale ukawaka juu ya kichwa cha paka kiasi kwamba mtu angeuona akiwa ng'ambo ya barabara. Msichana akapanda ghorofa zote sita kimya kimya.

Hodi ilipigwa saa nne kamili. Wakasimama wote wawili na shikamoo zao. Mwalimu mkuu aliitikia kwa bashasha, akasema amewangoja kwa hamu, na kwamba wanafunzi wake wanamuuliza kila siku huo mchezo uko wapi. Shemeji akavuta kiti, akabonyeza kitufe cha kuanzia. Picha ya kwanza ikajaa skrini nzima, safi, bila doa.

Mwalimu mkuu aliketi, akaikunja fimbo yake nyeupe ya kutafutia njia, akapapasa kibodi mpaka akavipata vitufe vya mishale, kisha akatega sikio.