Njia ya Kumtoa Mama

Urho alikataa kahawa. Pirkko, dada yake, alibaki mlangoni na kikombe mkononi akimtazama mdogo wake anavyowasha tena trekta.

"Hata ya kunywa umesimama?"

"Baadaye. Theluji bado."

Katika umri wake wote Urho hakuwahi kukataa kahawa, hata siku walipomzika baba.

Trekta ilikuwa ndogo, nyekundu, na bamba pana la chuma mbele. Tangu alfajiri ilikuwa ikienda na kurudi. Bamba chini, inasukuma theluji ya uani mpaka inapotea nyuma ya kona ya misonobari. Bamba juu, inarudi. Usiku theluji ilianguka hadi magotini, na gari la kumchukua mama lilitakiwa kufika kabla ya saa tisa.

Pirkko ndiye aliyepanga yote. Alikuja kutoka Helsinki akiwa amejiandaa kwa ugomvi. Mama yao, Hilja, alikuwa amepita miaka tisini, hajasema neno tangu viazi vilipochimbwa, na Urho aliishi naye peke yake huku msituni. Nyumba ya wazee mjini ilikuwa na kitanda kimoja. Wasipompeleka leo, kinapewa mtu mwingine, na kingine hakuna ajuaye kitapatikana lini. Pirkko alimweleza mdogo wake hayo kwa ukali, akingoja apige meza. Urho alisema "sawa" tu, akaenda kujaza dizeli.

Hiyo "sawa" ndiyo iliyomnyima usingizi. Na sasa mbio hizi.

Alivaa koti akatoka. Urho alikuwa amehamia kwenye marundo ya kando ya ghala, yaliyolala pale tangu Desemba, magumu kama mawe. Aliyapiga kwa bamba, akayavunja, akaanza kuyasukuma nayo.

"We Urho! Hayo yanamzuia nani? Gari litalala ghalani?"

"Nasafisha."

"Siku ya harusi yangu kanisa zima lilikungoja wewe. Leo ni kumtoa mama, umeamka kabla ya kunguru!"

Urho alipangusa barafu kwenye masharubu. "Ulitaka nimtoe polepole?"

"Nilitaka angalau uone huzuni."

"Sogea, dada. Bamba halina macho."

Ngo, ngo, ngo. Sauti ilitoka ncha ya nyumba, chumbani kwa mama, kwenye dirisha pekee linalotazama upande wa barabara. Mama alikuwa akigonga kioo kwa fimbo yake. Ndivyo alivyofanya asubuhi nzima, kila trekta iliporudi. Urho aliinua kichwa, akalitazama dirisha, akaongeza moto.

"Anakuomba uache!" Pirkko alipiga kelele. "Huoni hata aibu?"

Injini iliimeza sauti yake.

Ndani alifunga sanduku: nguo za kulalia, soksi za sufu, picha ya baba na samaki wake mkubwa. Mama alikuwa amempa mgongo, ameinama, jicho kwenye kitundu alichokiyeyusha kwa kiganja katikati ya barafu ya kioo. Hakikuzidi kisosi cha kikombe.

"Mama, tuvae viatu."

Mama akavuta mguu wake.

Pirkko alibaki amepiga magoti, kiatu mkononi, machozi yakimtoka. Nusura apige simu kusema wasije. Lakini nani atamwogesha? Mgongo wa Urho ukikatika, nani atamwinua? Akajifuta uso, akarudi jikoni, akakaa, akasimama, akakaa tena.

Saa nane na nusu simu ililia. Alikuwa dereva.

"Tuko barabarani, kwenye sanduku lenu la barua, mama. Hatuwezi kuingia."

"Haiwezekani! Njia inasafishwa tangu alfajiri."

"Inasafishwa na nani? Hapa kuna ukuta wa theluji unanipita kimo, umeshindiliwa mpaka umekuwa zege. Nina mgonjwa mwingine kwenye gari. Siwezi kungoja."

Pirkko alitazama nje. Uwanja ulikuwa safi kuanzia ngazi hadi ghalani. Pembeni hapakuwa na rundo hata moja. Theluji ya msimu mzima haikuwepo.

Trekta ilikuwa imezimwa. Urho alikuwa mlangoni akivua mabuti.

"Ile kahawa," alisema, "bado ipo?"

Pirkko alikimbia chumbani kwa mama, simu bado sikioni, akamsogeza kidogo, akaweka jicho kwenye kitundu. Ukuta ulikuwa umelala mdomoni mwa njia, mti kwa mti. Nyuma yake ilionekana paa la gari tu.

Fimbo ikagonga kioo karibu na pua yake. Ngo, ngo, ngo.

"Mwambie Urho," alisema Hilja, sauti ikikwaruza kama mlango wa ghala, "kushoto ukuta bado uko chini."