Wiki ya Kuzoeana

Jumatatu Maryuri alitafuna nyama kwa kelele. Jumanne alitafuna kimya, midomo imefumbwa.

"Umeona?" Eivind alimwambia mkewe kwa Kinorwe. "Jana ulilalamika, leo ameacha."

"Amechoka tu," Torunn akajibu.

Mtoto alikaa kati yao kwenye meza ya nyumba ya wageni, msichana wa miaka saba, nywele zimesukwa mikia miwili. Walikuwa wamemfuata kutoka Trondheim, Norwe, hadi mji huu wa milimani, huko Kolombia. Sheria iliwapa wiki moja ya kuzoeana naye. Jumatatu inayofuata wangesimama mbele ya hakimu, waseme ndiyo, naye awe wao. Kabla ya hapo waliruhusiwa kusema hapana, na hakuna ambaye angewauliza sababu.

Torunn ndiye aliyelilia mtoto miaka yote. Sasa mtoto alikuwa mbele yake, na moyo wake mwenyewe ulikuwa mkavu kama samaki wa kuanikwa.

Waliongea juu ya kichwa cha mtoto bila kushusha sauti. Ndivyo walivyo watu wa kwao wakiwa ugenini: kwenye basi, kwenye lifti, kwenye foleni, humteta mtu waliyesimama naye pua kwa pua. "Kinorwe," Eivind alipenda kusema, "tunakijua sisi na samaki wetu." Walipozungumza na mtoto, walitumia Kihispania cha kuokoteza kwenye simu.

Jumatano Torunn alisema, "Hacheki. Umewahi kuona mtoto asiyecheka?"

Alhamisi Maryuri alicheka. Alicheka pale Eivind alipomwaga kahawa. Alicheka kengele ya kanisa ilipolia. Alicheka pale Mama Nohora, mwenye nyumba, alipokuwa akiwasimulia jinsi mbwa wake alivyokufa.

"Mwanangu, unanicheka mimi au unamcheka marehemu?" Mama Nohora alimuuliza, mikono kiunoni. Kisha akawageukia wageni. "Kulia msibani hajui huyu, lakini vyombo anaosha. Mchukueni hivyo hivyo."

Eivind aliomba radhi kwa maneno machache aliyokuwa nayo.

"Kicheko cha bandia," Torunn alisema kwa Kinorwe. "Kama cha muuza duka."

Ijumaa Eivind alimwonyesha mtoto picha ya nyumba yao, theluji imefika madirishani. Alisubiri macho yamtoke. Maryuri aliitazama picha kwa makini, kisha akauliza jambo kwa Kihispania. Eivind akatafuta neno kwenye simu, akaangua kicheko.

"Beleshi! Anauliza beleshi la kuzolea theluji liko wapi. Mchapakazi huyu, mke wangu. Mgongo wangu umepata mkombozi."

Torunn hakucheka. "Mtoto mwingine yeyote wa huku angeshangaa. Huyu hakuna kitu kinachomgusa."

Jumamosi, wakati wa chakula cha mchana, aliweka kijiko chini.

"Siwezi, Eivind."

"Mpe muda."

"Wiki nzima hajaniita mama, hata kwa kukosea. Hajakataa kitu, hajalia, hajavunja hata kikombe. Ni kama kuishi na mgeni anayeogopa kufukuzwa."

"Huyu ni mtoto, Torunn. Si koti la kurudisha dukani."

"Bora sasa kuliko akishafika kwetu. Kesho tumrudishe kwenye kituo cha watoto. Jumatatu tutamweleza hakimu."

Eivind alitazama supu yake. Alikuwa mtu wa kubisha kidogo na kukubali baadaye. Mkewe alilijua hilo, akangoja.

"Haya," alisema mwishowe. "Kesho."

Maryuri alimaliza supu yake, akafuta mdomo, akasukuma kiti mpaka kikaingia chini ya meza.

Chumbani Torunn alianza kupanga nguo za mtoto kwenye begi. Hazikuwa nyingi. Alisikia mlango ukifunguliwa, hakugeuka. Maryuri akaja ubavuni pake, akachukua gauni la njano, akalikunja vizuri, akampa. Kisha akautia mkono wake ndani ya mkono wa Torunn. Hakuwahi kufanya hivyo.

"Mama," alisema.

Torunn aliketi kitandani kwa kishindo. Kitu kilichokuwa kimeganda kifuani mwake tangu Jumatatu kikaachia. Alimvuta mtoto, akamkumbatia, akanusa nywele zake, machozi yakamtiririka. Kumbe lilikuwa neno moja tu. Alikiona kile chumba cha juu kule nyumbani, kitanda kilichotandikwa miaka miwili bila kulaliwa. Alitaka kumwita Eivind aje asikie.

"Sema tena," alinong'ona kwa Kihispania chake kibovu.

"Mama," mtoto alisema, mdomo karibu na sikio lake. "Kesho ni Jumapili. Jumapili lango la kituo hufungwa, na wale walionichukua kwanza hawakungoja lifunguliwe. Nirudisheni Jumatatu."

Hayo yote aliyasema kwa Kinorwe kilichonyooka, kwa lafudhi ya watu wa mji wa Bergen, huko huko Norwe.