Mfuko wa Taka wa Mama Hamaguchi

"Ufungue tena mfuko wangu uone!"

"Nimeshaufungua! Na nitaufungua kila Jumanne mpaka ujue kutenga taka kama binadamu wenzako!"

Mama Okubo aliuinua ule mfuko juu ya kichwa ili mtaa mzima uuone. Mifuko ya taka ya huku huonyesha ndani, haifichi kitu. Ndani yake vikombe vya plastiki vya tambi za kumwagia maji ya moto vilikuwa vimechanganyika na maganda ya machenza. Vikombe vya plastiki, siku ya taka za kuchomwa! Kwetu Amagasaki, hapa Japani, kuna watu wamehama kwa aibu ndogo kuliko hiyo.

Kilichowashangaza majirani ni mahali. Taka huwekwa pale kona, chini ya wavu wa kuzuia kunguru. Lakini Mama Okubo alikuwa ameubeba mfuko hadi mlangoni kwa mwenyewe, Mama Hamaguchi, chini kabisa ya dirisha la ghorofani, na hapo ndipo alipopanua koo. Isitoshe, jana tu wawili hao walijifungia jikoni kwa Mama Hamaguchi mchana kutwa, wakinywa chai na kucheka.

"Tambi hizi anakula nani?" Mama Okubo alipaza sauti. "Wewe na presha yako huzigusi. Ni huyo mfalme wako wa juu!"

Madirisha ya jirani yakafunguka, polepole, kama hayataki kuonekana.

Huyo mfalme wa juu kila mtu alikuwa na habari zake. Kiyoto, mtoto wa pekee. Aliacha kazi ofisini, akapanda chumbani, akafunga mlango, na huu ulikuwa msimu wake wa tatu wa baridi humo ndani. Mama yake humwekea sinia nje ya mlango, baadaye huokota vyombo vitupu. Uso wa mwanawe hauoni. Mara moja tu, kiangazi kilichopita, mchuuzi mmoja alipomfokea mama wa watu kizingitini, ndala za Kiyoto zilisikika zikishuka ngazi. Mchuuzi akakimbia, ndala zikarudi juu.

"Mwanangu mwache," alisema Mama Hamaguchi. Macho yake hayakuwa kwa mgomvi wake. Yalikuwa kwenye pazia la juu. Pazia halikutikisika.

"Nimwache? Wewe ni mama... mama wa aina..." Mama Okubo alikwama. Akakunja uso, akatafuta neno hewani. Mama Hamaguchi alimkazia macho, midomo ikimcheza bila sauti kama mtu anayesali.

"Mama wa aina gani, unayelea jitu zima kama yai!" Mama Okubo akapata nguvu mpya, akamsukuma mwenzake begani.

Hapo Mzee Tanigawa, mwenyekiti wa mtaa, akashindwa kuvumilia. Akavuka barabara mbio, soksi mguu mmoja. "Jamani, kina mama! Ujirani wote huu uvunjike kwa mfuko wa taka?"

"Mzee, usituingilie!" walimjibu wote wawili kwa mpigo.

Mzee akarudi nyuma hatua. Kisha akanusa hewa. "Mama Hamaguchi, umeacha samaki motoni?"

"Samaki gani? Mimi leo sijawasha hata jiko." Alijibu bila kumtazama, vidole vikisokota kifungo cha sweta mpaka kikakatika. Juu, pazia lilikuwa vilevile. Akamgeukia Mama Okubo, karibu kwa kumbembeleza. "Haya! Si unajifanya una nguvu? Nisukume tena!"

Mama Okubo akamsukuma. Mama Hamaguchi akaenda chini, taratibu mno kwa mtu aliyesukumwa, na alipofika chini akapiga yowe la kupasua mtaa.

"Nauawa! Kiyoto, nauawa mie!"

Kisha, ndani ya nyumba, ndala.

Zilisogea hadi mlangoni, zikasimama. Mama Okubo aliukumbatia ule mfuko wa taka kifuani. Mama Hamaguchi, bado chini, aliukodolea mlango macho. Mzee Tanigawa alijiweka katikati, mikono mbele, tayari kuzuia mwanamume mwenye hasira.

Mlango ukasukumwa pembeni. Kiyoto alisimama pale, nywele mabegani, amevaa aproni ya mama yake, vijiti vya kupikia mkononi. Aliyafinya macho kwa mwanga. Akamtazama mama yake pale chini, akamtazama Mama Okubo, akainama kwa heshima.

"Mama Okubo," alisema, sauti ikikwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi, "jana mlipofanya mazoezi jikoni ulisema 'jitu zima kama kifaranga'. Ile ilikuwa kali zaidi. Mama, inuka. Ingieni mkale, samaki wanapoa."