Choo cha Prinsesi

Nyayo zilikuwa mbili, moja kulia na moja kushoto, juu ya kiti cheupe cha choo. Nyayo za kandambili. Anjelina alizitazama kwa kinyaa, kisha akamwita mama mkwe wake kwa sauti ya kumwitia mtoto aliyevunja sahani.

"Mama! Njoo uone kazi yako."

Bi Magdalena alikuja akijikokota, mkono ukutani. Alikuwa ameletwa Masasi kutoka Chilangala kwa ajili ya goti lake lililovimba, na daktari alitaka kumwona kila wiki.

"Nimeshasema, choo hiki ni cha kukaa. Kukaa! Si cha kupanda kama mkorosho."

"Ninakaa, Mama Upendo. Tena kinanipumzisha."

"Nani apande sasa? Paka?"

Paka alikuwa hatiliwi shaka katika nyumba ile. Anjelina alikuwa ameona kwenye simu paka wa Wazungu akijisaidia chooni kama mtu, na tangu siku hiyo hakuwa na raha. Alianza kwa kuweka beseni la mchanga juu ya choo. Paka, aliyepewa jina la Prinsesi, alipolizoea, Anjelina akalitoboa katikati, akawa anaupanua mwanya kidogo kidogo, hadi beseni likatupwa na paka akabaki anachuchumaa mwenyewe ukingoni, mkia juu, anatazama ukuta kama mgeni rasmi. Fundi akaitwa kung'oa komeo la mlango ili Prinsesi aingie muda wowote anaojisikia. Kila paka akikojoa, choo kilimwagiwa ndoo nzima ya maji ya kununua. Bi Magdalena alioga kwa nusu ndoo.

Prinsesi alikuwa anapanda kwa miguu minne, akasifiwa. Ajabu ya mjini hiyo.

Bonifasi aliporudi kazini jioni, mkewe alimpokea mlangoni.

"Hata paka amejua, Baba Upendo. Paka! Mama yako ameshindwa. Jumamosi Agnes anakuja na wanakwaya kumwona Prinsesi, na mimi siwezi kuwaonyesha kiti chenye tope la shamba. Nimechoka."

Bonifasi alikuwa afisa, na alipenda watu wasisahau. Tai hakuivua hata siku za mapumziko, na akila muhogo alitumia uma. Alikaa, akaangalia viatu vyake, akaongea bila kuinua macho.

"Mama, choo cha kisasa hakipandwi. Mjini watu wanakaa."

Bi Magdalena alimtazama mwanawe. Alimtazama kwa muda mrefu, kama anavyotazamwa mtu anayesubiriwa aongeze neno.

Bonifasi hakuongeza la maana. "Labda ukapumzike kwanza Chilangala. Kwa daktari tutarudi baadaye."

"Goti bado, Boni."

"Baadaye, Mama."

"Haya," alisema yule mama polepole. "Basi semeni ni mimi."

Anjelina alipiga makofi. "Si unaona? Kakiri mwenyewe!"

Jumamosi asubuhi Bonifasi alimpeleka mama yake stendi, kwenye basi la Newala. Kondakta ilibidi ainame, aunyanyue ule mguu kwa mikono miwili na kuuweka kwenye ngazi, kwa kuwa wenyewe haukukubali kukunjika. Bonifasi alishika mfuko na kutazama saa.

Nyumbani Anjelina alikisugua kiti mpaka kikang'aa. Aliimba akisugua. Mchana Agnes alifika na wenzake wawili wa kwaya, wakakaribishwa soda na korosho, wakahadithiwa habari za Prinsesi mpaka korosho zikaisha.

"Na mama mkwe?" Agnes aliuliza. "Nilitaka nimwamkie."

"Karudi kwao. Wengine mjini hawafundishiki, mwenzangu. Unafundisha weee, kesho nyayo zile zile. Mimi nasema heri mnyama."

Wanakwaya walitazama glasi zao.

Wakati huo huo mlango wa jikoni ulilia kidogo. Anjelina alidhani ni upepo. Lakini alipoinua macho, aliona kwamba mlango wa choo, aliokuwa ameuacha wazi, sasa umerudishwa. Uso ukamchangamka.

"Kimya! Ameingia. Huwa anausukuma mwenyewe."

Alichukua simu, akawasha video, akatangulia kwa kunyata. Wageni wakamfuata mmoja mmoja, viatu mkononi, wakijizuia kucheka.

"Sasa tazameni ustaarabu," alinong'ona kwenye simu, akausukuma mlango.

Juu ya kiti cheupe, kandambili miguuni, magoti yamefika masikioni na tai imetupiwa begani, alikuwa amechuchumaa Bonifasi, kopo mkononi.

Kisha Agnes akahisi kitu laini kinajisugua kwenye kifundo cha mguu wake, akatazama chini.

"Mama Upendo," alisema taratibu, "paka wako huyu hapa. Nadhani anangoja zamu yake."